Kidole cha Mshenga

Kianjai hii, ukitaka kuoza binti au kuoa, unamtafuta kwanza Mzee Mwongera. Ndiye mshenga wetu, msemaji wa yeyote atakayemwahi. Mimi jirani yake nimemwona kila Jumamosi akitoka na kofia na mkwaju, akirudi na mafuta kwenye masharubu. Hakuna ruracio, yaani sherehe ya mahari, lisilo na mbuzi, na hakuna mbuzi asiye na maini, na maini huliwa na msemaji. Miaka ishirini hivyo.

Mwaka jana kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilivimba, kikawaka moto, kikang'aa kama kimepakwa mafuta. Hata shuka ikikigusa analia. Mtu mwingine angeenda hospitali. Mwongera akaita wazee.

Wazee wakasema ni kirumi, laana ya familia moja ya Kinoru ambayo aliwahi kuibana kwenye mahari. Dawa ya kirumi inajulikana: mnachinja mbuzi, mliokosana mnakula pamoja, yanaisha. Wakachinja, wakala, wakasameheana mpaka mifupa ikabaki mitupu. Siku ya tatu uvimbe ukapanda hadi kifundoni. Wazee wakakaa tena, wakaamua kwamba yule mbuzi alikuwa mdogo. Likachinjwa beberu.

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mzee alikuwa akienda chooni kwa kutambaa.

Binti yake Kajuju hupima damu katika maabara ya kliniki moja kule Majimbo, Embu. Alipopata habari alikuja, akamtoa baba yake damu palepale jikoni, akaondoka nayo. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi. Alieleza kwamba nyama huacha asidi mwilini, na figo zikilemewa kuitoa, asidi hiyo huganda kwenye kiungo ikawa chembe kali kama sindano. Seli za ulinzi huzimeza zile sindano zikidhani ni adui. Zikichomwa ndani, zinashtuka, zinapiga mbiu kwa kemikali, na wenzao wanafurika kuja kusaidia. Kuna seli zinazokufa kistaarabu, zinajikunja na kuzolewa bila jirani kujua. Hizi sivyo. Nyingi hupasuka na kumwaga kila zilichobeba, nao waliokuja kusaidia wanashtuka kwa ule uchafu, wanapiga mbiu yao. Ndio huo moto na uvimbe. Hakuna aliyelaani mtu.

Mimi nilielewa haraka, kwa kuwa nimekaa kwenye kamati za mazishi, ambako kila anayekuja kusaidia huongeza fujo. Mzee aliuliza hizo seli ni za ukoo gani.

"Baba, si mchezo," Kajuju akasema. "Figo zako zimechoka. Ukiendelea na hizo mbuzi, tutakuwa tunakupeleka kwa mashine ya kusafisha damu mpaka ufe."

Akaachiwa vidonge na marufuku ya nyama. Vidonge alimeza. Marufuku aliitii Jumatatu hadi Ijumaa.

Kisha ikafika Jumamosi ya ruracio la Kajuju mwenyewe. Wageni walitoka Embu, na msemaji wao alikuwa Mzee Njagi, mwembamba, mdomo kama wembe. Wakapatana kila kitu kufikia saa nane. Ikaletwa sahani ya maini. Katika ukoo wa Mwongera, baba asipoonja maini, binti hajatoka. Sheria hiyo hakuna aliyeishikilia kama yeye. Aliwahi kuvunja maruracio mawili kwa ajili yake, na nyumba moja haijatusalimia hadi leo.

Kajuju alisimama mlangoni, macho kwenye sahani. Naapa sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea msichana yule. Baba akila, anajiua. Asipokula, yeye haolewi.

Mwongera alishika kipande, akakitazama, akakirudisha.

"Mimi ni mgonjwa," alisema. "Si kirumi. Hizi nyama ndizo zinaniua, na nimejua tangu mwaka jana. Huyu mtoto ametoka. Asiyetaka hivyo, arudi kwao."

Wazee wetu walitazama chini kana kwamba amevua nguo. Sote tukamgeukia Njagi, kwa maana angetaka kutuaibisha, hapo ndipo.

Njagi aliinama akafungua kamba za kiatu chake cha kulia, polepole, akiuma meno. Alipovuta soksi tukaona kidole kimevimba kama kiazi.

"Kwetu tumekuwa tukisema ni kiatu kinabana," alisema. "Nimenunua viatu vitano." Kisha akamwita Kajuju, si kwa jina, bali kama anavyoitwa binti aliyekwisha kuolewa nyumbani kwao, na kumwomba amtazamie mguu.