Nilivyoingiza polisi kwenye hina ya bibi harusi kisa mrashi wa makumbusho yetu

Wakuu, salaam.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Chumvi sijaongeza. Ningekuwa naongeza chumvi ningejipa sehemu nzuri kidogo, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi.

Naishi mji mdogo kaskazini mwa Malindi, jina la mji nalihifadhi. Kwetu hasa ni Kitui. Nilikuja huku miaka tisa iliyopita nikafungua duka la photocopy na kuchapa barua, nikaoa, nikanunua kashamba Tezo. Nilidhani nimeshakuwa mwenyeji. Shikilieni hapo.

Mjini kwetu kuna makumbusho. Msifikirie jumba kubwa lenye walinzi na tiketi. Ni nyumba ya kale, vyumba viwili na ua, na vitu vililetwa na wakazi wenyewe. Kuna vyetezo vya kufukizia udi, masinia ya shaba, vitabu vya sala vya mababu, na mama mmoja wa Magarini alileta hando la marehemu mamake, ile sketi ya marinda wanayovaa wanawake wa Kigiriama. Vyote viko kwenye makabati ya vioo.

Makumbusho yanasimamiwa na kikundi tunachokiita Marafiki wa Makumbusho. Mwenyekiti ni Bi Zuhura, mama wa makamo ya bibi yangu, mzaliwa wa hapo hapo. Mlinzi ni Mzee Kazungu. Katibu ni mimi.

Nilipataje ukatibu? Bi Zuhura alikuja dukani nimchapie vibao vya maelezo. Nikamwambia, "Shikamoo Bi, hii kazi nitawafanyia bure." Akanijibu, "Marahaba mwanangu, basi umeshakuwa wetu." Ikawa hivyo.

Wakuu, mimi nikipewa kazi naifanya. Nilinunua register kubwa, nikapiga kila kitu picha, nikakipa namba, na kwenye kila ukurasa nikagonga muhuri: MALI YA MAKUMBUSHO. Hakuna aliyenituma kugonga huo muhuri. Niliuona unapendeza.

Funguo zilikuwa tatu. Mmoja wangu, mmoja wa Mzee Kazungu, mmoja wa Bi Zuhura.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Wikendi zangu zote huwa niko Tezo shambani. Jumamosi hiyo mvua ilikuwa kubwa, barabara ya shambani haipitiki, nikabaki. Asubuhi nikasema ngoja nipite makumbusho nifute vumbi.

Naingia, nafika kwenye kabati la kati, mrashi haupo!

Kwa asiyejua, mrashi ni kile chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia wageni marashi. Huu wetu ni wa fedha tupu, una nakshi mpaka mdomoni, na ulitoka kwenye ukoo wa Bi Zuhura. Ndicho kitu wageni wanachokipiga picha kuliko vyote.

Nilishtuka. Nikaketi sakafuni, nikasimama, nikaangalia tena kana kwamba utakuwa umerudi.

Kufuli limefungwa vizuri. Kioo hakina hata mkwaruzo. Vumbi limefutwa. Nikajiambia, huyu mwizi ni mtaalamu.

Wakuu, mwizi gani akishaiba anafuta vumbi na kufunga kufuli? Hapo ndipo akili ilitakiwa ifanye kazi. Haikufanya.

Nikampigia Mzee Kazungu, hapatikani. Alikuwa amekwenda mazikoni Adu, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Nikampigia Bi Zuhura mara nne, simu inaita tu. Kichwani mwangu nikaona mrashi umeshafungwa kwenye gazeti unauzwa kwa mtalii.

Nikachukua picha kutoka kwenye register yangu, nikairusha kwenye group la mji mzima: UMEIBIWA. ATAKAYEUONA ATOE TAARIFA.

Haikupita nusu saa, jamaa mmoja wa kukodisha viti na mahema, mtu wa bara kama mimi, akanipigia. "Bro, hicho kitu nimekiona sasa hivi. Nimepeleka viti nyumba moja ya harusi, nimekiona mlangoni kinaingizwa ndani."

Nikaenda kituoni moja kwa moja. Nikapewa askari wawili, wanaume wote. Njiani nilikuwa natembea kifua mbele, nawaambia watu nimempata.

Tulipofika tukasikia nyimbo na vigelegele. Mlangoni kuna pazia. Mama mmoja akatoka akasema, "Jamani, huku ni wanawake watupu, wanaume hawapiti. Ngojeni nje niwaitie mtu." Askari mmoja akasema hatuna muda wa kungoja. Akalivuta pazia, akaingia. Mwenzake akafuata. Mimi pia nikafuata.

Nitakayoyasema hapa bado yananitoa jasho.

Ilikuwa siku ya hina. Wanawake wa mji mzima wako uani, mabuibui wameyavua, vichwa wazi, wamevaa nguo za shughuli. Walipotuona walipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Kila mtu anatafuta buibui lake, wengine wanajifunika kwa mikeka, mabibi wanajikunja nyuma ya wenzao. Nilimwona mke wa jirani yangu, mtu ambaye kwa miaka tisa sijawahi kuona nywele zake.

Katikati kaketi bibi harusi. Hina bado mbichi, mikononi mpaka viwiko, miguuni mpaka chini ya magoti. Hawezi kushika kitu na hawezi kukimbia. Alibaki ameinua mikono juu mbele ya wanaume watatu, kichwa wazi, machozi yanamtiririka na hawezi hata kuyapangusa. Shangazi yake mmoja akaja mbio akamtupia leso yake ya kujitanda, ikamfunika uso.

Na aliyesimama na mrashi mkononi, akiwanyunyizia wageni, ni Bi Zuhura.

Wakuu, na hapo bado sikushtuka vya kutosha. Nikanyoosha kidole nikasema, "Ndio huo."

Askari akaushika. Marashi yakamwagika kwenye gauni la Bi Zuhura. Mwenyewe hakupigana. Alinitazama akasema, "Mwanangu, hukuweza kuniuliza?"

Wakampeleka kituoni kwa miguu, mchana kweupe, mrashi ukiwa mkononi mwa askari. Mji mzima ulikuwa umeshasoma kwenye group kwamba umeibiwa. Waliompita barabarani waliunganisha wenyewe.

Kituoni ndipo Mzee Kazungu akapatikana kwenye simu. Nikaweka sauti ya nje nikamweleza. Akasema:

"Katibu, wewe! Ule mrashi hutoka kila harusi. Hutoka na chetezo, na masinia, ukishatumika unasuguliwa unarudi. Mimi mwenyewe hufungua kabati, na nikiwa sipo Bi Zuhura hufungua kwa ufunguo wake. Wewe ulidhani zile alama za hina kwenye kitambaa cha kabati zimetoka wapi?"

Kumbe tangu siku ya kwanza ndivyo wanavyofanya. Hakuna aliyevitoa vile vitu sadaka. Wameviweka pale amana, kwa sababu nyumba zao zinavuja na watoto wanavunja, na ikifika shughuli mwenyewe anakuja kuchukua chake. Jirani asiyekuwa nacho naye anaazimwa. Harusi ni Jumamosi na Jumapili, na mimi Jumamosi na Jumapili niko Tezo. Kila Jumatatu nilikuwa nakuta mrashi unang'aa, nikadhani Mzee Kazungu ni hodari wa kusafisha.

Sikuwahi kuuliza, na wao hawakuona cha kunieleza. Jambo kama hilo kwao ni kama kumweleza mtu kwamba sufuria ni ya kupikia.

Nilifuta mashtaka pale pale. Bi Zuhura akaachiwa, akajifunika vizuri, akaondoka bila kunitazama. Hina iliharibika. Nasikia bibi harusi ilibidi aoshwe aanzwe upya, na wageni nusu walikuwa wameshakwenda zao.

Jumatatu asubuhi nikafika makumbusho, nikakuta wanawake wamejipanga nje, kila mmoja na leso mkononi.

Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Walinisalimu vizuri kabisa, wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akafungua leso akafunga chake akatoka. Vyetezo, masinia, vitabu. Yule mama wa Magarini, ambaye hata harusini hakuwepo, alilikunja hando la mamake akaniambia, "Nisamehe mwanangu, lakini kama wewe waita polisi, mimi hata nguvu za kukimbia sina."

Kufikia adhuhuri kulibaki kitanda kibovu ambacho mwenyewe hajulikani, na vibao vyangu.

Nilimchukua mke wangu tukaenda kwa Bi Zuhura. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Tukakaribishwa, tukaletewa kahawa na halwa. Nikalia, wakuu, sioni haya kusema. Nikamwomba msamaha, akasema amenisamehe tangu siku ile ile, na nyumba ya harusi amekwenda kuniombea yeye mwenyewe.

Nikapata moyo. Nikamuuliza, basi mrashi utarudi lini?

Akanimiminia kahawa nyingine. Akasema, "Mwanangu, kumsamehe mtu ni jambo moja. Kumwekea amana ni jambo lingine."

Sasa ni miezi minne. Naenda kufungua kila asubuhi, nafuta vumbi kwenye makabati matupu. Watu wananisalimu njiani, na kadi za harusi wanakuja kuchapa kwangu kama zamani. Ila hakuna aliyerudisha hata kijiko.

Nilichojifunza ni kwamba kuuliza si ujinga, na tena unaweza kuishi na watu miaka tisa, ukawaandikia vitu vyao vyote kitabuni, usijue vinafanya kazi gani. Ule muhuri nimeuchoma moto. Najua haisaidii.

Wakuu, hasa nyinyi wa Mwambao: amana ikishavunjika inaunganishwa vipi? Niendelee kufungua ule mlango, au nirudishe ufunguo kwa heshima? Mwenye kunisema aniseme, nimeshasemwa. Ila na ushauri muweke.