Kamba Yenye Nilifunga ku Miti ya Kufa

Admini, jina yangu uifiche vile nyoka anafichaka miguu. Masomo sina hata ya siku moya, njo maana natuma sauti, nyinyi mutaandika. Niko muzee, miaka makumi saba na kitu, nakaa mu Walikale, upande ya Mpofi. Bibi yangu alikufaka siku ya kuzala. Nilibakia na binti moya, tumwite Neema.

Sikusoma, lakini musitu ilinisomesha. Siku moya nguruwe ya pori ilinifukuza tangu asubuyi mupaka saa sita, ikachoka, ikakaa chini, njo miye nikaanza kuifukuza. Munacheka? Mucheke. Mu hii kijiji hakuna muntu sikuchekesha, na njo kwenye mateso yangu inatokea.

Kwetu kuko muti wa namna moya, wa ganda nyekundu. Unatwanga ile ganda, unaichemusha na mafuta ya mbegu ya ngazi, ile matunda ya muchikichi, unapakala, ngozi inangaa kama tumbo ya samaki. Bamama ba shirika moya ya Masisi banatengenezaka nayo sabuni na mafuta ya asili. Kwetu balikuwa banachukua ganda kwa bantu babili tu: miye na mujane moya, tumwite Mama Riziki. Huyu mama, bibi yangu alipokufa, njo alimunyonyesha Neema pamoya na mutoto wake. Muweke hiyo mu kichwa.

Sheria ya batata yetu, bababu ba zamani, iko moya, na bale bamama ba Masisi baliikamata vilevile. Unachuna upande ya jua kutoka na upande ya jua kuingia, upana ya kiganja, basi. Unapakala matope ku kidonda. Unafunga kamba ya musitu, ili mwingine ajue muti unapumuzika. Ukichuna kuzunguuka, muti unakufa na kusimama. Na kila muntu iko na fundo yake. Ya Mama Riziki inapindia kushoto, sababu anatumikaka na mukono ya kushoto. Nilikuwa namuchokoza mbele ya bantu:

"Mama Riziki, hata Mungu akikupa mukono ya kuume, utamurudishia!"

Naye: "Na wewe Papa, akikupa haya, utaitia wapi?"

Bantu banakufa na kucheka.

Sasa bale bamama bakaanza kuomba magunia mingi. Miye na kinywa yangu nikasema: "Munisumbulie Mama Riziki ya nini? Yote miye peke yangu nitajaza!" Nikaingia mu musitu, nikachuna miti saba kuzunguuka, kama vile unavua muntu nguo katikati ya soko. Mbele mvua irudie, yote saba ilikauka na kamba zangu juu yake.

Kisha habari ikakuja: mama presidente wa shirika anafika, ataangalia muti kwa muti. Mwenye anaua miti, ganda yake haitapokelewa tena. Ilipobakia siku tatu afike, nilienda ku ile miti saba, nikaondoa kamba zangu, nikafunga zingine na fundo ya kushoto. Nilivuta na nguvu yote. Fundo gani ya hii musitu inaweza kunishinda? Nilifunga muzuri kuliko mwenyewe.

Siku yenyewe tulienda wote, kijiji muzima nyuma. Mama presidente akashika kamba. "Mama Riziki, hii fundo iko ya nani?"

Akaiangalia sana. "Fundo iko yangu. Mukono haiko yangu."

Njo nikarusha: "Labda ya kushoto iliazima ya kuume!"

Bantu bakavunjika mbavu. Mama presidente naye akacheka. Na kisha kucheka, hakuna mwenye alimusikiliza tena. Jina yake bakaiondoa palepale ku liste ya benye banauzishaka ganda. Bamama ba ku kanisa bakaacha kukaa naye benchi moya. Batoto banaimba ile maneno yangu akipita na maji. Muntu aling'oa mihogo yake yote, akaipanga mu njia, mizizi juu. Hata ile nilicheka.

Juzi alikuja kuniaga. Anahama siku ya yenga, ile ya kusali, kisha misa, anaenda Mubi kuosha masahani ya bantu. Akatosha kamba moya mu kitenge, akaiweka ku meza.

"Papa, miye nikifunga naachaka nafasi ya kidole, sababu muti unanenepaka. Hii ilikazwa na muntu mwenye alijua muti wake ulishakufa."

Nikauliza tu: "Sasa sababu gani haukusema siku ile?"

"Bangecheka. Wewe njo ulibafundisha."

Akaenda. Neema alikuwa anasimama ku mulango, alisikia yote. Akaniambia: "Ile maziwa nilikunywa, Papa, haukuilipaka na kitu. Siku ya yenga useme mbele ya kanisa, ao miye naenda Mubi naye, na hautaniona tena." Nguo zake zilishafungwa.

Jana nilijaribu. Nilienda kwa shemasi, nikamwambia: "Ile miti saba, miye njo niliiua. Kamba, miye njo nilifunga." Akashika tumbo, akacheka mupaka machozi. "Muzee wee! Na ile nguruwe, ilichoka saa ngapi?" Nikaapa. Akacheka zaidi, akaita bibi yake aje asikie.

Leo iko siku ya posho, kesho njo yenga. Kamba iko hapa ku meza, najaribu kuifungua tangu asubuyi, inanishinda. Nyinyi wenye munasoma, muniambie mbele kengele ya kesho ilie: muntu mwenye alichekesha bantu maisha yake yote, anasimamaka namna gani, anasema maneno gani, ili mara moya tu bantu basicheke?