Kahawa Niliyoikataa Chuoni

Nilikuwa nimekaa kijijini kwetu Izigo wiki mbili, muda mrefu kwa mtu anayehamahama tangu alipomaliza kidato cha nne. Nimeishi Mwanza, Tabora na Mbeya, na kote huko nilikumbuka moshi wa asubuhi ukipita kwenye migomba ya nyumbani. Siku moja mtoto wa dada yangu aliniletea barua. Alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya kilimo katika chuo cha umma pale Bukoba, na wazazi walialikwa kujadili malengo ambayo kila chuo cha umma nchini kingepimwa kwayo mwaka hadi mwaka.

"Mama anaumwa mgongo," alisema. "Nenda wewe, mjomba. Si unapenda safari?"

Nilimuuliza kama wameshakwenda mafunzo ya vitendo. Akatikisa kichwa. Darasa lao lilipaswa kukaa na wakulima wa Kimwani, lakini hakukuwa na mwalimu wa kulisimamia. Bila mafunzo hayo hakuna cheti, na chama cha wakulima wa kahawa kilichomwahidi kazi kilimtaka aje na cheti kabla ya msimu.

"Kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri," alisema. Hakulia. Ningeona nafuu kama angelia.

Siku ya kikao, ukumbini chuoni, nilikaa karibu na mama mmoja wa Muleba aliyevaa kitenge cha kanisani. Kikao hakijaanza, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikaanza kuzungushwa. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa hiyo, na ukishaitia mdomoni umekubali amani ya mwenyeji. Humgombezi nyumbani kwake. Niliwahi kumwona baba akimeza ugomvi wa mpaka wa shamba mchana kutwa kwa sababu ya punje mbili.

Kikapu kilipofika kwangu, nikakipitisha.

"Hee! Umekataa akamwani, kahawa yetu?" yule mama aliniuliza. "Mwanangu, umelelewa wapi?"

"Hapa hapa, mae. Ndiyo maana nimekataa."

"Huyo kazoea soda za Mwanza!" mzee mmoja akadakia nyuma yetu, watu wakacheka. Mkuu wa chuo, mtu mpole wa hapa hapa kwetu, hakucheka. Alikuwa ameona.

Afisa wa wizara, mwanamke aliyetoka Dodoma, akasoma rasimu. Lengo la kwanza lilikuwa idadi ya wanafunzi wanaopokelewa. Mkuu akasema chuo chake kimeshalivuka. Tukapiga makofi, hata mimi. Kisha nikasimama.

"Waitu, mkuu wetu, hongera. Lakini lengo hili linahesabu wanaoingia. Naomba lianze na wanaomaliza, tena kwa wakati. Darasa la kilimo la mwaka wa mwisho halijakwenda Kimwani. Litakwenda lini?"

"Suala hilo linashughulikiwa."

"Na nani, mkuu? Na mwisho lini?"

"Ndugu yangu, leo tunajadili nchi nzima, si darasa moja."

"Nchi nzima ina nini zaidi ya madarasa?"

Afisa aliacha kuandika. Akauliza kama kuna mzazi mwingine mwenye mtoto katika darasa hilo. Niliona mashavu yakitafuna taratibu na macho yakiangalia sakafu. Nilijua wapo, maana mtoto wetu alikuwa ameniambia wenzake wanatoka vijiji gani. Nikabaki nimesimama. Nilishaamua kwamba sitakaa mpaka nijibiwe, hata wakinitoa kwa nguvu.

Ndipo yule mama akatema kahawa yake kiganjani, akafunga ngumi, akainua mkono ule mwingine.

"Mimi. Wangu yumo."

Nyuma, yule mzee wa soda akakohoa. "Na mjukuu wangu."

Mikono ikaongezeka. Mkuu alivua miwani. Alisema ameomba mwalimu mara nyingi na hajapewa. Alisema pia kwamba hilo alipaswa kutuambia mapema. "Nilikuwa mwalimu wa kilimo kabla ya kupewa ofisi," alimalizia. "Jumatatu nitawapeleka mimi mwenyewe."

Afisa alisema hana mamlaka ya kubadili lengo peke yake, ila maneno yetu atayafikisha kama yalivyosemwa. Nikamwomba ayasome kwanza. Akayasoma.

Nilimpigia mtoto simu nikiwa bado uani.

"Na Jumatatu asipotokea?" aliuliza.

"Nitakuwa getini."

Jumapili nilikuwa nimepanga kwenda Kigoma. Sikwenda. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisimama kwenye geti la chuo, nimejikunyata kwa ubaridi wa ziwa. Mkuu alifika kwa miguu, amevaa buti za mpira.

"Umekuja kutuhesabu?"

"Ndiyo, mkuu."

"Haya, hesabu."

Wanafunzi wakaanza kupanda gari, mmoja mmoja, nami nikahesabu kwa sauti.