Siagi ya Binti wa Jirani

Siku ile tulikuwepo sita: Bibi wa misheni, wageni wake wawili, yaani mtu na mkewe walioishi naye Uchina kabla ya wote kuhamia huku, mama jirani, aliyekuwa mfugaji na rafiki wa marehemu mama yangu, mdogo wangu wa mwisho, na mimi. Wadogo wengine watatu walikuwa nyumbani Nangwa, wakingoja mabaki nitakayorudi nayo.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kujaribiwa kwangu jikoni. Bibi alikuwa amesema kwa upole kwamba nikiwapikia wageni mboga za Kichina zikafaa, nitabaki. Nikishindwa, ataita mpishi kutoka Arusha. Shule niliiacha darasa la pili, wazazi walipofariki, na kazi nyingine sikuwa nayo.

Kupika kwenyewe nilikujua, Bibi alikuwa amenifundisha. Karai lipate moto hadi litoe moshi, mafuta yaingie, kabichi na vitunguu vigeuzwe upesi, vitoke vingali vinalia mdomoni. Lakini mafuta ya karanga yalikuwa yamekwisha, na lori la bidhaa lilikuwa limekwama matopeni siku ya nne sasa. Nililala nikiota mafuta. Ya mkia wa kondoo yangeganda sahanini kwa baridi ile. Ya nazi, dukani Katesh, yalinukia nywele za bibi arusi. Kichupa cha ufuta cha Bibi kilikuwa cha matone mawili tu, mwishoni, kwa ajili ya harufu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeumeza mlima Hanang. Nilitembea kama ndani ya maziwa mpaka kwa mama jirani, nikamwamkia shikamoo, nikaeleza shida. Aliingia ndani, akatoa kibuyu cha siagi aliyoiweka ya kumpaka binti yake siku ya kuolewa. Akanifuata hadi jikoni, aone siagi yake inakwenda wapi.

Nikakosea. Nilitia nusu yake, mbichi vile vile, kwenye karai la moto mkali. Ikatoa povu, ikawa nyeusi, ikanuka. Mdogo wangu akaanza kulia.

"Mwanangu," mama jirani akasema polepole, "hayo ni maziwa unaunguza, si mafuta."

Nusu iliyobaki niliiweka juu ya makaa machache, nikangoja. Povu likapanda, likatulia, weupe ukazama, juu ikabaki samli ya rangi ya jua lililo nyuma ya ukungu. Nikaichuja kwa kitambaa. Safari hii karai lilitoa moshi na samli ikastahimili. Mama jirani alipoona mboga zinatoka upesi vile, aliniuliza kwa kunong'ona kama watu wa Uchina hula wakikimbizwa na simba.

Siagi ile ilikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu, na nilijua wataisikia. Yule mke wa mgeni alionja, akaweka vijiti vyake chini, akafumba macho kama anayemsikiliza mtu wa mbali. Kisha akasogeza sahani aongezewe. Bibi akaniambia kesho nije mapema.

Njiani nilimwahidi mama jirani kumnunulia siagi nyingine. Akacheka kidogo.

"Ya kununua hatumpaki binti. Utaniletea ya ng'ombe wako mwenyewe."

Kwetu hapakuwa na ng'ombe. Binti aliolewa mvua zilipokwisha, akapakwa siagi iliyoombwa kwa shangazi yake. Nilipompata ng'ombe wa kwanza, mama jirani na mifugo yake walikuwa wamehamia mbali. Kibuyu chake, nilichobaki nacho tangu siku ile, kimening'inia ukutani kwangu. Kila msimu nakifukiza moshi kisioze, nakirudisha ukutani kitupu.