Mpandishe Mama Yako Kwanza

Mwaka wa 1987 nilikuwa na miaka kumi na saba. Ndio mwaka tuliomzika baba. Shule nilikuwa nimeshaiacha, kwa hivyo nikaingia gereji ya Mzee Rajabu pale Khayega kuosha vyuma. Nasema haya mapema, mwanangu, ujue anayekuandikia hakusoma. Nilichonacho nimekitafuta kwa mikono hii na sioni haya kujisifu. Lakini leo sijisifu. Leo nataka nikueleze juu ya hofu.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Mumias, wa salaam kwanza ndipo kazi, na mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumkimbia. Alikuwa na tabia moja tuliyoicheka. Akimaliza kazi kubwa ya pikipiki, alimwita mkewe, Bi Zena, aliyekuwa akikaanga mandazi kando ya gereji. Alimpandisha nyuma, wakateremka hadi mtoni, wakapanda tena, ndipo mwenye pikipiki akapewa chake. Sisi vijana tulisema mzee anapenda kumtembeza bibi.

Mwaka wangu wa tatu pale, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta pikipiki ambayo injini yake ilikuwa imekufa kabisa. Alikuwa amepata injini nyingine, nzima, iliyotolewa kwenye pikipiki ya aina tofauti iliyogongwa fremu ikakunjika. Mzee akaniambia niifunge mimi. Kichwa kikanivimba.

Sasa sikiliza. Injini inashikwa na bolti zinazopita kwenye vyuma vya fremu. Ukiitoa kwenye fremu hii ukaipeleka kwenye nyingine, mashimo hayakubali hivi hivi. Ya mbele yalikutana. La chini, nyuma, lilipishana kidogo, kama nusu ya kidole. Kazi ya haki ilikuwa kukata chuma chenye lile shimo, kutengeneza kingine na kuipeleka fremu Kakamega mjini kichomelewe, maana gereji yetu haikuwa na umeme. Lakini mwalimu alitaka pikipiki jioni hiyo, na mimi nilitaka kuonekana fundi. Nikachukua tupa nikalipanua shimo mpaka bolti ikapita. Nafasi iliyobaki nikaishindilia kibati cha mkebe. Nikakaza kwa nguvu zote, nikapaka grisi juu.

Ikanguruma vizuri sana. Mwalimu akacheka kwa furaha. Alikuwa amekuja na watoto wake wawili, ambao kila asubuhi aliwabeba kwenda shule, mmoja mbele kwenye tangi, mmoja nyuma.

Nikamwambia mzee amwite Bi Zena. Yeye akaendelea kupangusa mikono na kitambaa.

"Injini umefunga wewe," akasema. "Bibi yangu si wako. Mama yako si yuko hapo sokoni? Mpandishe."

Mama alikuwa anauza mboga, mrenda na kunde, ng'ambo ya barabara. Kabla sijapata la kusema, alikuwa ameshaitwa, anakuja akijifunga leso upya. Hakuwa amewahi kupanda pikipiki. Akakaa upande, akanizungushia mkono kiunoni.

Tulipita sokoni polepole, naye anasalimia kila mtu kama mke wa chifu. Mama mmoja wa ndizi akamuuliza kama akifika Nairobi atawakumbuka. Wakacheka. Mimi jasho lilikuwa linanitoka mgongoni, pale pale alipoegemeza shavu. Chini ya mguu wangu injini ilikuwa inatetemeka, na ndani ya huo mtetemo nikaanza kusikia kitu kingine. Tik. Tik. Sikujua kama ni kibati au ni masikio yangu. Nilijua tu kwamba injini ikihama kidogo, cheni inapinda. Cheni ikipinda inaruka, inajibana kwenye gurudumu la nyuma, na gurudumu linakwama. Ukiwa kwenye tambarare utaanguka ucheke. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kwenda mtoni, wote changarawe, na chini kabisa daraja jembamba.

Pale juu ya mteremko mikono ilikataa. Nikazima.

Mama akauliza kama mafuta yameisha. Nikamwambia ashuke. Akauliza atashukaje njiani watu wanaangalia.

"Shuka mama. Sijui kama imeshika."

Akashuka. Akaiangalia pikipiki, kisha akaniangalia mimi.

"Na mwalimu ungempatia?"

Mpaka leo sijamjibu.

Nikaigeuza nikaisukuma hadi sokoni, yeye akitembea kando. Yule mama wa ndizi akasema Nairobi kumbe ni karibu hivi. Mama hakucheka. Mzee Rajabu alipotuona alininyooshea spana tu.

Nilipofungua, bolti ilikuwa nzima. Kibati kilikuwa pale pale nilipokiweka. Pengine tungeshuka na kupanda salama. Pengine kingetoka tukiwa katikati, au kingetoka wiki mbili baadaye, mwalimu akiwa na wale watoto. Sijui. Ningekuta bolti imekatika ningepumua, nikasema Mungu ametuokoa, nikasahau. Hiyo ya kutojua ndiyo imekaa na mimi miaka hii yote.

Kesho yake niliibeba fremu hadi mjini, na mwalimu akatembea na watoto wake kwa miguu, amenuna. Iliporudi imechomelewa na injini ikafungwa, nikavuka barabara mwenyewe kumwita mama. Hakuiangalia pikipiki. Aliniangalia usoni tu, kisha akapanda. Tukashuka hadi darajani, tukarudi. Niliogopa njia nzima, lakini mikono ilinitii.

Mwanangu, nawaona nyinyi mafundi vijana hapa Lurambi mkihamisha injini kama mtu anabadilisha shati. Mnasema imeingia, imewaka, twende. Kuwaka si kushika. Kabla hujampa mtu chombo, mpandishe wako, yule ambaye ukimpoteza huwezi kulala. Moyo ukikataa, fungua uanze upya, hata mteja akikutukana. Mimi sikuambii uache kuogopa. Fundi asiyeogopa kitu simpi spana yangu.

Leo nina kiwanja hapa Lurambi na gereji juu yake. Nina mashine ya kuchomelea, yangu, si ya kukodi. Nyumba ya matofali, ng'ombe wawili, pikipiki moja. Na mama ninaye, macho yamepungua, lakini akisikia injini mpya inanguruma uani bado anauliza leo nani anapanda kwanza.

Mungu akupe mtu wa kuogopa kumpoteza, mwanangu, na amrudishe nyumbani mzima kila jioni.