Chaki Kwenye Propela

Anayetaka kucheka acheke sasa, akimaliza anisikilize. Haya yalinikuta mchana, jua liko utosini, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la ulanzi.

Mimi ni fundi magari hapa Mbalizi, na Landrova kuukuu ya marehemu baba naijua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: difu nzito, yaani zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma likizunguka mara moja, propela, ule mtaimbo unaoleta nguvu ya injini nyuma, inazunguka karibu mara tano. Milima inapanda bila shida, lakini barabara kuu ukifika sabini injini inalia mpaka unaionea huruma. Basi nikatafuta difu nyepesi, ya mizunguko mitatu na nusu, nikaifunga kwa mikono yangu. Niamini, kwenye tambarare ya Usangu tulikwenda tisini kwa utulivu, mama akasinzia kando yangu. Nilijiona bingwa. Nani angenifundisha mimi habari za difu?

Nilikuwa nampeleka mama Morogoro, kwenye harusi ya mjukuu wake. Ilula tukasimama, akawa anachagua nyanya dirishani. Mimi nikashuka kukagua matairi, na huko nyuma nikamkuta mzee mmoja amechuchumaa, amevaa ovaroli ya bluu iliyoungua kiwiko cha kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefunga tatu na nusu."

Injini ilikuwa imezimwa. Alijuaje? Nikamjibu kwa majivuno kwamba ndiyo, na inakimbia vizuri.

"Kukimbia inakimbia. Kushika je? Difu nyepesi, injini hailizuii gari mteremkoni." Akaingia uvunguni na kipande cha chaki, akachora mstari kwenye propela, kama tunavyofanya mafundi tukitaka kuhesabu mizunguko. "Umeijaribu tambarare, mteremko hukuujaribu. Mlima Kitonga hapo mbele, ulikozoea kushuka na gia ya tatu, leo shuka na ya pili. Ingiza kabla ya kona ya kwanza. Una mama humo."

Nikainama nimjibu. Uvunguni hapakuwa na mtu.

"We, unaongea na nani huko nyuma?" mama akauliza.

Nikapanda, nikawasha gari. Nilikasirika, kusema kweli, kufundishwa kazi yangu. Tulipofika juu ya Kitonga mkono ukaenda wenyewe kwenye ya tatu, kama nilivyozoea. Halafu nikamtazama mama, kapakata nyanya zake, nikaingiza ya pili. Katikati ya mteremko breki zikaanza kunuka, na pedali ikazama mpaka chini. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Lakini ile gia ya pili ilishika, kwa shida, ikatufikisha bondeni polepole mpaka nikaliegesha gari pembeni.

Nikaingia uvunguni. Propela ilikuwa imezunguka maelfu ya mara, vumbi na grisi kila mahali, na mstari wa chaki ulikuwa mweupe kabisa.

Nikamweleza mama habari za ovaroli na kile kiwiko. Akaziweka nyanya chini.

"Huyo ndiye fundi aliyemfungia baba yako difu nzito, tulipokuwa tunakaa Kihesa. Gari lake mwenyewe alilifunga nyepesi. Likamshinda hapa hapa Kitonga. Tulimzika hata shule hujaanza."

Harusini tulifika. Niliporudi nyumbani nikairudisha difu ya baba, na injini ilie inavyotaka. Mstari ule nimeusugua kwa petroli, ukarudi. Nimebadilisha propela nzima, ukatokea kwenye mpya. Sasa nimeuacha.

Wewe unayetafuta difu nyepesi ya barabara kuu, sikukatazi, njoo nitakufungia, na kazi yangu ni nzuri. Ila ujue kwanza utashuka wapi, na umempakia nani. Na kabla gari halijatoka hapa lazima niingie uvunguni kuangalia. Nikikuta chaki ambayo sikuichora mimi, funguo sikupi.