Sketi Iliyoazimwa Mogitu

Marieta hakuhitaji miwani. Picha ilikuwa kwenye simu ya mjukuu wake Violeth, aliyeikuta mtandaoni, na sketi ya ngozi ya marehemu mama yake ilikuwa imetandazwa juu ya kitambaa cheusi kama maiti inayosubiri ndugu waje kuitambua.

"Soma walivyoandika," alisema.

Violeth alisoma polepole, akitafsiri. Mnada wa vitu vya kale, Ulaya, Jumamosi ijayo. Kabla ya sketi kulikuwa na chungu cha Wachina, baada yake kiti cha mfalme fulani. "Vazi la sherehe, Afrika Mashariki, karne ya kumi na tisa. Mshonaji hajulikani."

"Hajulikani na nani?"

Yeye alimjua. Mvua tatu mama yake aliishona ile sketi, na Marieta, msichana wa miaka minane wakati huo, ndiye aliyekuwa akimchagulia shanga, nyekundu huku, nyeupe kule, akipigwa kikofi kila alipochanganya. Karne ya kumi na tisa hata bibi yake alikuwa hajazaliwa!

Miaka sita iliyopita jirani yake Basili alikuja kuiazima kwa ajili ya harusi ya binti yake. Kwa wanawake wa kitongoji chao huko Mogitu, sketi ya harusi hainyimwi mtu, wala aliyeazima haulizwi atairudisha lini. Kuuliza ni kama kuiombea ndoa ivunjike. Kwa hiyo Marieta alinyamaza miaka sita. Siku hiyo ya picha alichukua fimbo yake, akaenda kwa Basili.

"Shikamoo, mama," Basili alisema, akivuta kigoda. "Karibu ukae."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Sketi yangu iko wapi?"

Basili alikohoa. "Mama, panya walishaanza kuila. Akapita Mzungu mmoja, akaipenda. Nikaona afadhali akaitunze."

"Na wewe ukizeeka panya wakianza kukula, nimwite Mzungu akutunze?"

Mke wa Basili aliangua kicheko huko jikoni, kisha akakikata ghafla.

Violeth aliwaandikia wenye mnada. Walijibu kwa adabu nyingi: walete uthibitisho.

"Waambie waigeuze," alisema Marieta. "Kwa ndani, chini upande wa kushoto, kuna kiraka cha ngozi ya ndama. Nilikishona mimi baada ya ng'ombe kuichana ikiwa kwenye kamba."

Jibu halikuja. Ila baada ya siku mbili maelezo chini ya picha yaliongezwa: kwa ndani kuna kiraka cha zamani, alama adimu ya matumizi halisi. Na bei ya kuanzia ilikuwa imepandishwa.

Marieta aligonga fimbo yake chini.

"Kiraka changu," alisema. "Wanakiuza kiraka changu! Hapa kwetu hupeleki hata beberu mnadani Katesh bila barua ya mtendaji wa kijiji kuonyesha katoka kwa nani. Hao wana mnada gani?"

Alhamisi alimtoa Basili shambani, wakaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji, kijana mpole, alisikiliza yote akajikuna kichwa.

"Lakini bibi, fomu niliyonayo ni ya mifugo."

"Kwani ngozi ni ya nini? Ya muhogo?"

Ikajazwa fomu ya mifugo. Kwenye nafasi ya mnyama pakaandikwa sketi moja, mali ya Marieta. Chini yake Basili akaandika kwa mkono wake, jasho likimtoka, kwamba aliiazima, hakupewa, na aliiuza bila ruhusa. Mtendaji akagonga muhuri, Violeth akapiga picha na kuituma palepale.

Jumamosi walifungua ukurasa. Penye sketi palikuwa na neno moja tu: imeondolewa.

"Bibi, tumeshinda!"

"Imeondolewa ikapelekwa wapi? Kabatini kwao?" Marieta alivuta kiti karibu na mjukuu wake. "Andika tena. Waambie sikuomba waifiche. Nataka ije."